Sange Saba Waliovuka Konde

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Huku tu wazima, ukiondoa goti la Mama, ambalo mpaka leo anasema wewe ndiye uliyeliharibu kwa kumsukuma kutoka kwenye rundo la mbao mkiwa wadogo. Anakusalimu, ingawa amenikataza nisikuambie. Mwambie mkazamjomba kitambaa chake nimekipata, kitakuja na dereva wa lori pamoja na sanduku nitakalolieleza. Naandika kwa sababu simu yako haishiki mpaka upande juu ya bati, na wewe na bati hamwendani tena.

Jambo lenyewe ni hili. Unaijua misitu miwili iliyobaki hapo kwako: wa Juu, unaoanzia nyuma ya jiko lenu, na wa Chini, ule wa bondeni. Zamani ulikuwa msitu mmoja. Wewe na kiwanda chenu cha mbao mliufanya miwili, na katikati sasa kuna konde lako, hatua mia tatu na themanini za majani na kinyesi cha ng'ombe. Ndani ya Msitu wa Chini kuna sange. Usiniambie ni panya. Ana pua ndefu inayopindapinda kama mkonga, na dume huishi na jike wake mmoja mpaka kufa, jambo ambalo ndugu zetu wachache wameliweza. Wamebanwa humo. Wanazaana ndugu kwa ndugu, na siku yoyote ugonjwa mmoja au kiangazi kimoja kitawamaliza. Nimeiomba Idara yetu ya wanyamapori ipande ushoroba, yaani ukanda wa miti utakaounganisha misitu hiyo, upite kwenye konde lako. Wataamua mwezi wa nane.

Machi na Aprili nimefungiwa ofisini, kwa hiyo nahitaji mtu wa kutega. Nimekuchagua wewe kwa sababu ya vidole vyako tu. Mtu aliyepanga meno ya misumeno maisha yake yote anaweza kumvisha mnyama kibati cha namba sikioni bila kumtoboa ubongo. Kichwa niachie mimi. Maagizo ni haya: mitego ya bati ishirini iko sandukuni. Tega Msitu wa Chini jioni, chambo ni karanga za kusaga na unga wa shayiri. Weka pamba ndani ya kila mtego wasife kwa baridi. Kagua asubuhi, kabla ya chai. Nawa mikono kwa sabuni isiyo na harufu. Nawa mpaka viwikoni. Nawa tena ukimaliza. Usivute sigara. Usiwabonyeze. Kila mmoja mtie mfukoni, mpime kwa mizani ya kuning'iniza, andika uzito, dume au jike, mvishe kibati, andika namba, kisha mwachie. Namba ziandikwe kwa wino, si kwa penseli ya seremala.

Kwa nini tunawavisha vibati, usijisumbue nalo. Ni hesabu ndefu.

Mpwa wako

25 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie dada yangu kwamba aliruka mwenyewe kutoka kwenye rundo lile, mbele ya mashahidi, ambao kwa bahati mbaya wote wamekufa. Mkazamjomba wako amekishona kitambaa na anatembea nacho mpaka zizini ili ng'ombe wamwone. Paa la jikoni linavuja upande ule ule. Mimi mzima, nakohoa kidogo, na siachi sigara.

Sanduku limefika. Nilidhani umeniletea zana, kumbe vijumba vya panya. Nilikaa kwenye kigoda nikacheka peke yangu. Babu yako alikuwa anampiga panya kandambili moja tu, leo mjukuu wake amesoma miaka kumi na tisa ili ampe panya karanga na pamba ya kulalia. Mimi mwenyewe silalii pamba. Unasema ni sange, si panya. Haya, na mimi si mzee, ni kijana wa zamani.

Nitatega. Si kwa ajili yako wala hao jamaa zako wenye pua. Dada yangu ameniagiza kwa mdomo wa dereva, na dada yangu akiagiza, mimi hutii kwanza ndipo nabisha. Ila tuelewane mapema: hilo la miti kwenye konde langu sahau. Nimenoa misumeno miaka thelathini na minane ndipo nikapata mahali pa kulishia ng'ombe watatu. Utapanda hapo siku nitakayokuwa nimelala chini yake.

Mistari yako kuhusu kunawa nimeisoma. Mkazamjomba wako kaisoma pia, akaniuliza kama uliwahi kuniona nikila na matope. Ndivyo mlivyo watu wa ofisini, mkishatoka nyumbani mwaka mmoja mnadhani tuliobaki tumesahau maji.

Mjomba

8 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima, amegombana na jirani kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo na sasa ananuna hata na kamba. Wiki sita sijapata mstari wako hata mmoja. Sikuombi hadithi, naomba daftari, na liwe safi. Hapa ofisini nimewaambia mtegaji wangu ana uzoefu. Usinifanye mwongo.

Mpwa wako

2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Tumefurahi dada yangu kununa na kamba, angalau kamba haimjibu. Ng'ombe mwekundu amezaa. Mkazamjomba wako ana maneno na mimi, nitakueleza.

Daftari hili hapa, kwa wino. Sange kumi na mmoja, madume matano na majike sita, wote wana hereni kama maharusi. Sijamtoboa hata mmoja ubongo, kama wanao. Mdogo kabisa gramu mia na arobaini, mkubwa mia mbili na tano. Yule mkubwa ni namba sita, jike, ana dharau kuliko wewe. Amenitazama tangu nilipofungua mfuko mpaka nilipomwachia, kama vile mimi ndiye ninayenuka.

Mizani yako ya kuning'iniza imeandikwa kwa ajili ya macho ya siafu. Niliijaribu siku ya kwanza kwenye umande, bila miwani, nikasoma namba tatu tofauti kwa mnyama mmoja, nikaitupa sandukuni. Nimetumia ya mkazamjomba wako, ile ya unga. Ndiyo sababu ya maneno. Anasema hapimi tena chakula kwenye sahani iliyokaliwa na panya, na mimi namwambia si panya. Unaona ulivyoniharibu.

Wiki ya mwisho mitego ilikuwa mitupu. Siku saba, pamba imekaa vilevile na karanga zimeliwa na sisimizi. Nadhani wamenichoka.

Nimenawa.

Mjomba

22 Juni

Mjomba,

Shikamoo, na kaa chini kwanza. Mama mzima. Mimi sijambo kuliko siku zote za maisha yangu.

Unakumbuka nilivyokuja mwanzoni mwa mwezi huu na kutega Msitu wa Juu, nyuma ya jiko lenu, na wewe ukasimama mlangoni na kikombe ukisema natafuta panya nisiowapoteza? Sikukuambia nilichokuwa natafuta, kwa sababu ungenisumbua. Sasa nakuambia. Wewe uliwavisha vibati sange wa Chini. Mimi nilitega Juu nione kama yupo aliyepanda. Asipoonekana hata mmoja, maana yake konde lako ni ukuta kwao, hawavuki, na ushoroba ni lazima. Vitabu vyote vinasema hawavuki. Sange hatoki kwenye kivuli, akiliona jua tu moyo unamsimama. Nilitarajia sifuri.

Nimewapata saba. Saba kati ya kumi na mmoja wako, na vibati vyao. Namba sita yumo, mnene. Wamevuka konde lako, hatua mia tatu na themanini mahali peupe, kati ya miguu ya ng'ombe, na wewe umekaa hapo miaka yote na hukuwahi kuona kitu. Samahani, Mjomba, lakini nacheka. Nawacheka pia hao wa ofisi ya pili waliokuwa wananiita Bibi Panya kwenye korido. Tangu jana wananiita kwa cheo. Mkuu wa Idara amesoma taarifa yangu mara mbili, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata kwa barua ya mkewe. Naitwa kwenda kuisoma mbele ya wataalamu wa nchi nyingine, na kitengo cha wanyama wadogo kitakuwa changu.

Najua utauliza konde. Konde lako limepona. Mnyama mwenyewe amejibu kwa miguu yake, hahitaji ushoroba. Furahi.

Mpwa wako

11 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako niliipata. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya paa. Bati tatu zimebadilishwa, misumari imepungua, fundi alikuja akaondoka akarudi. Halafu ndama alipata kuhara. Halafu mkazamjomba wako alishikwa na mgongo. Halafu dereva wa lori hakupita wiki mbili, au alipita nikiwa sipo.

Huku kumekauka. Majani kwenye konde yamekuwa ya njano. Kikohozi changu kimepungua. Dada yangu mwambie alale na goti juu ya mto, atapata nafuu.

Ile habari yako ya wale wanyama nimeisoma. Hongera kwa cheo. Nilitaka kuuliza tu. Wakishaonekana kwamba wamevuka, kinachofuata ni nini? Yaani kwa huko Chini. Naulizia tu.

Mjomba

20 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima, mto ameukataa. Poleni na bati.

Wiki saba nasubiri neno lako kuhusu kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya, unaniandikia habari za ndama anayehara. Haya. Kinachofuata, kwa kuwa umeuliza: Idara imekubali taarifa yangu yote. Ushoroba umefutwa. Na kwa kuwa sange wanatembea kutoka Chini kwenda Juu wapendavyo, hakuna tena sababu ya kutunza misitu miwili. Msitu wa Chini umepewa watu wa tanuri la matofali, waukate kuni kuanzia Novemba. Nilitega tena humo Julai, nikapata wanne tu, hawana vibati. Wengine, kama unavyojua, wamehama. Hao wanne nao wakisikia shoka watapanda kama wenzao.

Mimi nami sikuupenda uamuzi huo siku ya kwanza. Lakini ushahidi ni ushahidi, Mjomba. Watu kama nyie mnaokwenda kwa mazoea hamjui raha ya kushindwa na ukweli.

Mpwa wako

29 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Tu wazima wote, nisikupotezee muda.

Hawakuvuka. Niliwavusha mimi.

Nimekwambia mizani yako sikuiona bila miwani, na miwani yangu hukaa nyumbani. Kusimama kwenye umande tumbo tupu, na magoti haya, nikimpima panya hewani, niliona ni upuuzi. Kwa hiyo kila asubuhi niliwatia wote kwenye kapu, kila mmoja na mfuko wake, nikapanda nao mpaka nyumbani. Niliwapima mezani, nikawavisha hereni, nikanywa chai, kisha nikafungua mlango wa jiko nikawaachia hapo nyuma. Kumi na mmoja wote. Kurudi tena bondeni hatua mia tatu na themanini ili nimpeleke panya kwao, sikuiona sababu. Nilisema msitu ni msitu.

Nimeisoma tena barua yako ya Februari. Umeniagiza kunawa mara tatu. Kuwaachia umeniagiza mara moja, na mahali hukutaja. Ulidhani hata mjinga anajua, na sababu ya kazi ukanificha kwa kuwa mimi ni mjinga. Chagua moja, huwezi kushika yote mawili.

Usidhani nilifanya ili niokoe konde. Ningekuwa na akili ya namna hiyo ningekuwa Mkuu wa Idara, yule wa kwenye picha ya kalenda yenu, mwenye kichwa kama chungu kilichopasuliwa kikagandishwa. Lakini hili nitalisema mwenyewe kabla hujalisema. Nilijua tangu barua yako ya Juni. Nilipofika pale kwenye saba nilielewa papo hapo. Nikanyamaza wiki saba kwa sababu konde lilikuwa limepona. La kapu ni uvivu. Hili la pili ndilo linalonitia aibu, na nimelala nalo vibaya.

Kiwandani niliwahi kupanga meno ya msumeno vibaya, mbao mia mbili zikatoka zimepinda. Msimamizi alitaka tuzichanganye na nzuri. Nilimwambia ni mkono wangu, andika jina langu. Nilisimamishwa wiki mbili. Mbao iliyopinda mtu akiijengea nyumba, nyumba haiulizi nani alinyamaza. Hao wanne walioko Chini wakisikia shoka hawatapanda, maana hawakupanda hata wenzao. Watakaa humo humo mpaka mti wa mwisho. Waambie watu wako.

Mjomba

10 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo.

Nimeisoma barua yako nikiwa chooni ofisini, mlango nimeufunga. Unajua umefanya nini? Nimesimama mbele ya watu mia mbili. Nimewaambia vitabu vyao vimekosea. Jina langu limechapishwa. Na yote hayo yamesimama juu ya mzee aliyetaka kunywa chai yake ikiwa moto.

Nakuomba usiandike habari hii tena, wala usiitamke kwa dereva, wala kwa mkazamjomba. Soma barua hii kisha uichome. Nimefikiri kwa utulivu. Sange wanne hawatoshi kuendelea. Kwa hesabu zangu wangekwisha wenyewe kwa miaka mitano, sita. Wale saba wako salama Juu na wengine wenzao, pengine hata umewasaidia bila kujua. Nikisema sasa, hakuna atakayeamini tena neno langu kuhusu mnyama yeyote, na kuna misitu mingine inayonihitaji. Ni kupoteza kidogo ili kuokoa kingi. Na wewe konde lako linabaki. Sioni nani anaumia.

Tena, Mjomba, bila kukuvunjia heshima, hakuna atakayekuja kukuuliza. Wewe ni nani hata uulizwe? Katika taarifa yangu umeandikwa "msaidizi wa eneo". Hata jina huna humo.

Mpwa wako

1 Oktoba

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkazamjomba wako anatembea vizuri sasa. Ndama amepona.

Barua yako sikuichoma, kuni tunazo za kutosha.

Jumatano iliyopita nilipanda lori nikaja huko mjini. Kwako sikufika, na kwa dada yangu sikufika, hivyo asinune na mimi, anune na kamba. Nilikwenda Idara. Yule wa mapokezi aliniambia leo si siku ya malalamiko ya mashamba. Nikamwambia mimi ni msaidizi wa eneo. Alicheka, akaniweka kwenye benchi saa nne, karibu na mtungi wa maji usiokuwa na maji. Nimekaa kwenye mabenchi marefu kuliko hilo. Saa nane wakanipeleka kwa Mkuu, na kichwa ni kile kile, nilikisema vizuri.

Nikamweleza: kapu, meza, mizani ya unga, mlango wa jiko. Wakaitwa wengine wawili kuja kusikia. Mmoja aliniuliza kama nina hakika, nikamtajia uzito wa kila mmoja bila daftari, na alama ya sikio ya namba sita, ambaye anakuja mpaka leo chini ya karo la kuoshea vyombo. Hapo wakaacha kucheka. Mkuu akaniuliza swali moja: je, mpwa wako anajua?

Nikasema hajui. Nikasema nimekuficha, kwa kuwa nakuogopa.

Sasa nisikilize. Umenidharau tangu uliporudi na cheti chako cha kwanza, na mimi nikakudharau vilevile, tukaenda sawa, wala sikuwahi kulala na njaa kwa sababu hiyo. Moyoni nilikuwa nakuachia nafasi moja. Nilisema huyu ana mdomo, ana kiburi, lakini kuhusu panya wake hasemi uongo. Dharau yako ilikuwa na haki yake. Tarehe kumi Septemba umeitupa. Mtu mzima, msomi, unaniandikia kwamba wanne hawatoshi. Unajua mimi na mama yako tulibaki wangapi baada ya ugonjwa uliomaliza nyumba yetu tukiwa watoto? Wawili. Na mtu mmoja wa hesabu alipita akasema hatutoshi kupewa nafasi kwenye lori la kuwaondoa wazima.

Nimesema uongo mmoja kwa ajili yako. Wa pili usiniombe.

Mjomba

19 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Nilimsomea ile habari ya wawili na lori. Aliweka kikombe chini, akasema hukupaswa kuniambia, kisha akasema ilikuwa kweli.

Mkuu aliniita kesho yake ulipoondoka. Alikuwa mpole, alinipa njia yote wazi. Mzee wako amekiri, alisema, wewe hukujua, tutaandika kwamba ulidanganywa na msaidizi. Kitengo kitabaki changu, taarifa itarekebishwa kimyakimya, na msitu tutaangalia. Nilisema asante. Nilitoka nikiwa nimesema asante, na nilikaa siku kumi na moja nikiwa mtu aliyesema asante.

Jumatatu nilirudi. Nilimwekea mezani barua zako zote tangu Februari, na nakala ya yangu ya kumi Septemba, nakala huwa naziweka, kwa maana mimi ni mtu wa kumbukumbu. Aliniuliza nilijua lini. Nilimwonyesha tarehe. Alisoma zote mbele yangu, moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye chungu kilichopasuliwa alivua miwani, akaipangusa, akaendelea.

Mambo yalivyo ni haya. Tanuri la matofali limezuiwa, Msitu wa Chini haukatwi. Ushoroba umerudishwa, na upana wake hautakuwa hatua arobaini kama nilivyoomba, ni sitini, kwa hiyo ng'ombe wako watatu watabaki na nusu ya konde. Utapewa karatasi ya kutia sahihi na unaweza kukataa, lakini nakujua. Wale kumi na mmoja, kadiri watakavyopatikana, watategwa na kurudishwa Chini, na kila mmoja ataachiwa karibu na pale ulipomkuta, kwa hiyo andaa kumbukumbu yako ya mtego gani ulimnasa nani. Atakuja mtu mwingine kufanya hayo, mwanamke wa ofisi ya pili, mmoja wa waliokuwa wananiita Bibi Panya. Anajua kazi. Mpe chai.

Mimi nimeondolewa. Si likizo, nimeondolewa. Barua ina mistari minne na haina tusi hata moja, afadhali zako. Niko nyumbani mchana na Mama ananitafutia kazi ya kukunja nguo.

Hesabu yangu ya kwamba wangekwisha kwa miaka mitano niliifanya usiku ule ule niliopata barua yako, baada ya kuamua, si kabla. Sijawahi kufanya hesabu kwa namna hiyo na nilijua nilipokuwa naifanya. Hilo hata Mkuu sikumwambia, nakuambia wewe.

Kwa kukudharau sikuombi msamaha, kwa kuwa sehemu kubwa ulistahili. Naomba msamaha kwa kukuomba unyamaze.

Mpwa wako